Saa Tisa Alasiri ya Jumamosi

Tarehe 27 Agosti 2019, klabu ya Bury, kaskazini mwa Uingereza, ilifutwa kwenye ligi ikiwa na umri wa miaka 134. Mmiliki alishindwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kuiendesha, muda aliopewa ukapita, basi. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Manchester City, majirani wa karibu kabisa, walikuwa wameifunga Watford mabao 6-0 katika fainali ya Kombe la FA na kuifikia rekodi ya ushindi mkubwa katika fainali hizo. Aliyeiweka rekodi hiyo, mwaka 1903, ni Bury.

Wapo wanaoshangaa kuona mtu mzima analia kwa ajili ya timu. Mimi siwashangai wanaolia. Ila nadhani ukitaka kujua walichofiwa watu wa Bury, huna budi kurudi kwenye msiba wa zamani zaidi, ambao walioupata hawakuachiwa hata kaburi la kuzuru.

Kabla ya viwanda, kandanda ya Waingereza ilikuwa sikukuu. Katika mji wa Derby ilichezwa siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, parokia kwa parokia, mamia kwa mamia ya watu wakisukumana barabarani na hata mtoni. Goli la upande mmoja lilikuwa gurudumu la kinu cha maji. Hapakuwa na refa wala idadi maalumu ya wachezaji, na mchezo uliisha pale ulipoisha. Watu walivunjika mifupa, na siwezi kuupamba ukatili wake. Lakini hapakuwa na mtazamaji aliyelipa kiingilio, kwa kuwa mji wenyewe ndio uliokuwa timu, na siku ile ilikuwa mali yao.

Ukaja wakati ambapo kila kipande cha ardhi kilipata mwenyewe na kila saa ikapata bei. Malisho ya wote yakazungushiwa ua. Mwaka 1835 sheria ya barabara ikaweka faini ya hadi shilingi 40 kwa atakayecheza mpira njiani. Mwaka 1846 wakuu wa Derby waliita askari wapanda farasi kuuzima mchezo ule, na baada ya miaka michache ulikuwa umekwisha. Wafumaji waliozoea kufanya kazi nyumbani na kujipa mapumziko ya Jumatatu wakajikuta ndani ya malango yanayofungwa kwa kengele, na aliyechelewa akakatwa mshahara. Watoto wao walikuwa humo humo, chini ya mashine.

Kiwanda, basi, ndicho kilichoua mchezo. Na ndicho, kwa njia isiyokusudiwa na mtu yeyote, kilichozaa mwingine.

Mwaka 1850 Bunge lilipitisha sheria kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo wasifanye kazi kupita saa nane mchana siku ya Jumamosi. Wanaume hawakutajwa. Lakini mashine za pamba haziendi bila mikono ya wanawake na vijana, kwa hiyo kiwanda kizima kikalazimika kusimama, na wanaume nao wakatoka. Hebu fikiria mji wenye maelfu ya watu wanaoachiwa kwa wakati mmoja, mshahara ukiwa mfukoni na jioni nzima ikiwa mbele yao. Ukitoka saa nane, ukafika nyumbani ukala, saa tisa unaweza kuwa uwanjani. Saa ile haikuchaguliwa na wachezaji. Hata leo Uingereza inaihesabu kuwa saa halali ya mpira.

Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafumaji na wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, ilishuka London ikawafunga wahitimu wa Eton, shule ya wana wa matajiri, mabao 2-1 katika muda wa nyongeza na kulichukua Kombe la FA lililokuwa la mabwana. Bao la ushindi lilifungwa na Jimmy Costley, kijana wa kiwanda cha pamba. Miaka mitano baadaye Ligi ilianzishwa kwa klabu 12, sita kati yake za Lancashire, jimbo la viwanda vya pamba. Olympic haikuwamo, maana mji wa Blackburn ulikwisha kuwakilishwa na klabu yake nyingine, Rovers, na mwaka 1889 ikavunjwa. Ni tabia ya viwanda hiyo: mlango anaoufungua mmoja hupita mwingine.

Kati ya misiba yote ya habari hii, kuna mmoja unaoniuma kuliko mingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston waliokuwa wakitengeneza silaha walianza kucheza mpira. Desemba 26, 1920, watu wapatao 53,000 walijaa Goodison Park kuwaangalia, na maelfu wakakosa nafasi wakabaki nje. Fedha za viingilio zilikwenda kwa hisani. Desemba ya mwaka uliofuata Chama cha Soka cha Uingereza kikatangaza kwamba mpira hauwafai wanawake, kikakataza klabu zake kuwapa viwanja. Marufuku hiyo ilidumu karibu nusu karne. Jumamosi ya mchana ilipatikana kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanawake na vijana. Wanaume wakaingia kwa mlango huo, kisha wakawafungia waliowafungulia. Sijui kama kuna chama kilichowahi kukopa kitu kikubwa namna hiyo kikakosa hata kushukuru.

Kisha viwanda vyenyewe vikaondoka. Nguo za Manchester zilizofika hadi Pwani yetu, kanga zikiwamo, zilianza kushindwa na za India na Japani, na kufikia miaka ya 1980 mitambo mingi ya Lancashire ilikuwa imenyamaza. Klabu zilibaki zikisimama juu ya kitu ambacho hakipo tena, zikipita mikononi mwa tajiri mmoja hadi mwingine.

Kwetu pia tumeuona mwendo huo. SoNy Sugar ya Awendo, kusini mwa Nyanza, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Msimu wa 2019/20, kiwanda kikiwa kimelemewa na madeni, timu ilikosa fedha, ikashindwa kufika uwanjani mara tatu, ikatupwa nje ya ligi. Ni msimu uleule wa Bury. Habari yake ilipita magazetini upesi mno. Awendo ni mji uliokua kwa miwa. Mkulima wa miwa, mkataji, dereva wa trekta na karani wa mizani walikuwa na jambo moja la kuulizana Jumatatu asubuhi. Mkulima ambaye hajalipwa miwa yake ana mengi ya kudai, na wakili anaweza kumwandikia. Hili hakuna mahali pa kulidai.

Bury ilirudi katika uwanja wake wa Gigg Lane mwaka 2023, katika ngazi za chini, kwa juhudi za mashabiki waliokataa kuizika, na naifurahia kwa moyo wote. Ila kilichowakusanya babu zao kilikuwa zaidi ya mapenzi ya timu: wote walikuwa huru katika saa moja. Leo mtu anapanga mizigo ghalani hadi usiku, mwenzake anasambaza chakula kwa pikipiki, wa tatu anasubiri simu imwambie kama kesho ana zamu. Timu inaweza kuchangiwa ikafufuka, lakini saa ile ya pamoja ilitolewa na sheria baada ya miaka ya kuidai. Wanaopanga zamu hizo leo sijasikia wakiulizwa ilikokwenda.