Safu ya "Kabila" Katika Fomu ya Mgonjwa

Muhula huu nilipofundisha ujazaji wa fomu, nilichukua mfano kutoka katika kitabu cha zamani cha nchi jirani: fomu ya kumpokea mgonjwa. Jina, umri, jinsia, makazi, kabila. Darasa lilijaza upesi hadi mstari wa tano, kisha kalamu zikatua. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa tuandike nini?" Nikawaamuru waukate mstari huo. Nilijibu haraka mno, na tangu siku ile nadaiwa maelezo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kinyarwanda, ubwoko ni aina ya kitu, na pia ni ukoo: Abasinga, Abega, Abazigaba. Ndani ya ukoo mmoja walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Utawala wa Kibelgiji ulipowaandikisha watu katika miaka ya 1930, uliligandisha neno hilo katika vitambulisho, mtoto akirithi la baba yake. Mwaka 1994, kitambulisho hicho kilisomwa vizuizini kabla ya panga kuinuliwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi safu ile ilifutwa, na sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi imeiweka asili ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti.

Sasa tazama Uingereza, ambako hospitali humwuliza mgonjwa asili yake na kuiandika. Kwa sababu iliandikwa, ripoti ya MBRRACE-UK ya mwaka 2018 iliweza kuonyesha kwamba hatari ya kufariki kutokana na ujauzito na uzazi kwa wanawake weusi ilikuwa takriban mara tano ya ile ya wanawake weupe. Isingeandikwa, kila kifo kingebaki msiba wa nyumba moja. Majirani zetu nao hawakubaliani: Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya 1967, Kenya iliuliza hata mwaka 2019.

Hapa Muganza, mbu wa mashamba ya mpunga ya Bugarama hamwulizi mtu asili yake. Nani hushinda majini, nani amelipa mutuelle, nani yu mbali na kituo cha afya: hayo hupimika bila kugusa ubwoko. Nchi yetu imechagua njia hiyo. Tafiti za afya hulinganisha wilaya, elimu ya mama na hali ya kaya. Na kwa miaka mingi kaya za daraja la kwanza la ubudehe zililipiwa mutuelle na serikali.

Hata hivyo, wapo wanaonisumbua usiku: wale ambao lugha rasmi huwaita walioachwa nyuma na historia, wengi wao wakiwa wana wa wafinyanzi. (Jina refu namna hiyo si safu iliyobadilishwa vazi?) Je, watoto wao hupata chanjo sawa na wengine? Daftari haliwezi kujibu. Utasema, watapatikana miongoni mwa maskini. Lakini maskini anayedharauliwa hughairi kwenda zahanati hata akiwa na kadi mkononi, na dharau hiyo haionekani katika hesabu ya mabati na mbuzi.

Kwa maoni yangu, daftari linalobeba jina na asili pamoja lisirudi kamwe, tumeona linavyosomwa. Ningekubali utafiti wa mara mojamoja usioandika majina, wenye jamii hiyo wakishirikishwa kutunga maswali, na kila mtu akiwa huru kunyamaza. Najua wenzangu wanaoona hata huo ni mlango usiofaa kufunguliwa, nami siwalaumu.

Ile fomu nimeichapa upya. Mahali pa "kabila" nimeweka "muda wa kufika kituo cha afya". Mwanafunzi aliyeniuliza akaandika: saa mbili kwa miguu, mvua isiponyesha.