Mpaka na Kivuko

Mwanafunzi atazamapo ramani huiona mipaka imechorwa kwa wino mweusi, mahali pengine imenyooka kama uzi, mahali pengine imefuata mito. Akadhani kuwa mipaka imo ardhini kama milima ilivyo. Mwalimu naye, aliyeifundisha ramani hiyo mwaka baada ya mwaka, huweza kudhani vivyo hivyo. Dawa ya dhana hii ni safari. Mpaka mmoja ulio maarufu katika historia ya pwani yetu hauko mbali sana na Malindi, ninakofundisha, nami katika likizo ya mwezi wa Agosti niliazimia kwenda kuutazama kwa macho yangu. Mahali penyewe ni Kipini.

Kipini ni mji mdogo ulio mlangoni mwa mto Tana. Atokaye Malindi huvuka daraja la Sabaki, akapita Gongoni, akafuata barabara ndefu ya nyika hadi karibu na Garsen. Huko huuvuka mto Tana, na kabla hajafika Witu huchepuka mkono wa kulia kuelekea baharini. Mwisho wa njia huona minazi, miembe mikubwa, nyumba chache, na maji mapana yenye rangi ya udongo yakiingia katika bahari ya buluu.

Kwa nini mji mdogo kama huu ukaandikwa katika mikataba ya mataifa makubwa? Mwaka 1885 Ahmad Fumo Luti, sultani wa Witu, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliingia katika ulinzi wa Ujerumani. Mwaka uliofuata wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walizunguka pwani wakiuliza amri ya Sultani Barghash wa Zanzibar ilifika wapi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, ambaye baadaye alipata jina kubwa katika vita. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuwa Sultani aachiwe visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kutoka mto Minengani, ambao sasa umo katika nchi ya Msumbiji, hadi Kipini. Kaskazini ya hapo aliachiwa miji michache tu, kama vile Kismayu na Barawa. Basi Kipini ukawa mwisho wa ukanda, na mwanzo wa nchi ya Witu. Barghash aliukubali mkataba huo mwezi wa Desemba, baada ya wengine kwisha kuuandika.

Nilitembea mjini asubuhi nzima nikitafuta alama ya jambo hilo kubwa. Sikuona nguzo, wala jiwe, wala maandishi. Niliona mashua zimepumzika juu ya matope, wanawake wakianika samaki, na watoto ambao, kwa kuwahofu mamba, walichezea ufukoni wala hawakuingia mtoni. Sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya mtu mmoja aliyekuwa akigonga mbao za mashua yake. Ni vigumu kuamini kuwa utulivu huo uliwahi kuwashughulisha wakubwa wa London na Berlin.

Chini ya mwembe alikuwapo mzee mmoja akishona wavu. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

Nilipomwambia kuwa mimi ni mwalimu, nami nautafuta mpaka wa Sultani, alicheka hata akauacha wavu wake.

“Mwalimu,” alisema, “mpaka huo mimi sikuuona. Mama yangu alikuwa mtu wa Ozi, baba yangu wa hapa hapa Kipini, na mke wangu nilimposa Malindi. Kama ungalikuwapo, ningalijikwaa nao kila siku.”

Mzee alisema kweli, na historia ni shahidi wake. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza nchi ya Witu, na Uingereza ikaipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mpaka wa wakubwa hao wawili haukudumu hata miaka minne. Ukanda wenyewe uliendelea kuitwa wa Sultani hata Oktoba 1963, ulipotiwa sahihi mkataba wa kuuunganisha na Kenya, nayo Kenya ikapata uhuru wake tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Hata mto wenyewe haukukaa mahali pamoja. Zamani maji yaliyopita Kipini yalikuwa ya mto Ozi, na Tana uliingia baharini upande wa kusini. Katika karne ya 19 watu wa utawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipate kupita kutoka Tana hadi Ozi. Mto ukaipenda njia ile mpya, ukaacha ya kale. Basi walioandika mkataba waliandika habari za mto, lakini mto haukusoma.

Mzee aliniambia tena, “Ukitaka mpaka wa kweli, nitakuonyesha mmoja unaotutia hofu.” Akanyosha kidole upande wa bara, akaniambia habari za miembe iliyonyauka na mashamba ya mpunga yaliyoachwa huko Ozi. Mpaka aliokuwa akiunena ni ule ulio baina ya maji matamu na maji ya chumvi.

Yafaa mwanafunzi aufahamu mpaka huu. Wakulima Wapokomo wa Ozi walikuwa na elimu ya ajabu. Bahari ijaapo, huyasukuma maji ya mto nyuma. Maji matamu hupanda, yakamwagika katika mashamba ya mpunga bila mtambo wala ndoo. Lakini elimu hiyo huhitaji mto wenye nguvu. Mto udhoofikapo, kinachopanda si maji matamu bali ni bahari yenyewe, na chumvi yake huua mpunga, huua miembe, huharibu visima. Sababu za udhaifu huo si moja. Ukame umo, na kuhama kwa mikondo ya mto kumo. Pia yamo mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu mtoni, kama Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, ambayo yamebadili mafuriko ya kale. Umeme ni neema. Taa inayoniangazia nikisahihisha madaftari usiku yaweza kuwa imewashwa na maji ya Tana. Kadhalika matope ya mto huo, yatokayo Mlima Kenya na Nyandarua, huwalisha kamba wa ghuba ya Ungwana, ambao wavuvi wetu huwavua. Mtu wa mlimani na mtu wa pwani hunywa katika chombo kimoja, ijapokuwa hawajapata kuonana. Anywaye kwanza na amkumbuke anywaye mwisho.

Lakini upo mpaka wa tatu, nao ni mkali kuliko wa wino na kuliko wa chumvi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, katika nchi hii hii ya chini ya Tana, Wapokomo na Waorma walipigana, wakafa watu zaidi ya mia moja, pamoja na wanawake na watoto. Wapokomo wengi ni wakulima, na shamba lao liko ukingoni mwa mto. Waorma wengi ni wafugaji, na wakati wa kiangazi ng'ombe wao hawana maji ila ya mto huo. Tangu zamani zilikuwapo njia za mifugo kushukia mtoni, ziitwazo malka. Malka ikizibwa kwa shamba, ng'ombe hufa kwa kiu. Ng'ombe wakipita pasipo malka, shamba huliwa na watoto hulala na njaa. Ugomvi wa maji na malisho ulikuwapo kabla, na siku hizo uliongezewa hasira na maneno ya fitina.

Siku hizo mimi nilikuwa chuoni nikijifunza ualimu. Bwenini mwetu walikuwamo vijana wawili wa kutoka delta, mmoja Mpokomo, mmoja Muorma. Walikuwa wakila sahani moja na wakiazimana viatu. Habari za mauaji zilipofika, hapana aliyewaamuru kutengana. Lakini sahani zikawa mbili, na baina ya vitanda vyao, vilivyokuwa na nafasi ya hatua moja tu, ukapita mpaka ambao hakuna Kitchener aliyeuchora. Hawakutukanana. Walinyamaza, na kimya chao kilituogopesha kuliko matusi. Ulipita karibu muhula mzima. Asubuhi moja ya baridi Mpokomo alimimina chai yake, kisha, badala ya kuliweka birika chini, akalisogeza upande wa mwenzake. Muorma alilitazama kitambo, akalipokea. Hakuna neno lililosemwa. Leo wote wawili ni walimu, na kila mmoja ana watoto wa makabila yote mawili darasani mwake.

Katika safari ya Kipini nililifikiri sana birika lile, kwa kuwa lilikuwa malka. Sisemi kuwa mipaka yote ni mibaya. Shamba huhitaji ukingo, nyumba huhitaji mlango, na lugha na mila za kila kaumu zina haki ya kulindwa. Kibaya ni mpaka usio na njia ya kupitia. Ukingo wa shamba wenye malka huwahifadhi mkulima na mfugaji pamoja. Ukingo usio na malka huwaangamiza wote wawili. Jioni niliwaona watu wa Kipini wakivuka mto kwa mtumbwi, mmoja ana kuku, mwingine ana gunia la nazi, na wa tatu anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Mto ulikuwa mpana, na viboko wamo; lakini mpiga kasia alikuwapo, na kwa sababu yake ng'ambo haikuwa ugenini.

Ewe mwanafunzi, utarithi mipaka ambayo hukuichora. Mingine ni ya kaunti, mingine ya kabila, ya dini, ya utajiri na umaskini. Huenda usiwe na uwezo wa kuifuta, na pengine haina haja ya kufutwa. Lakini kila uuonapo mpaka, uliza kivuko chake kiko wapi. Na kama hakipo, uwe wewe wa kwanza kukitia mtumbwi.