Giza la Kuazima

Mpiga picha wa kisiwani ana adui anayemjua tangu siku ya kwanza ya kazi yake, naye ni unyevu. Unyevu wa bahari huotesha kuvu ndani ya kioo cha kamera, huvimbisha mbao na kugandisha filamu zikaambatana. Mafundi wa Unguja waliishi na adui huyo, kama Ranchhod Oza aliyefungua studio ya Capital Art mwaka 1930, na mwanawe Rohit aliyeirithi kazi hiyo.

Kijana mmoja wa Unguja aliyehamia Bariadi alidhani amemwacha adui nyuma. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, ya ng'ombe na pamba, na kiangazi kinapokolea vumbi huingia hata katika sanduku lililofungwa. Kijana alikwenda na kamera kubwa ya mbao, ile ya miguu mitatu, ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Kamera hiyo hutumia filamu ya rangi ya inchi 4 kwa 5, kipande kimoja kwa picha moja. Kwa kuwa hakupata karibu mahali pa kusafishia filamu za namna hiyo, akawa anazisafisha mwenyewe chumbani, usiku.

Msimu wa kuvuna, mzee mmoja mkulima wa pamba alimwomba aipige picha familia yake mbele ya chungu ya pamba, kabla haijapelekwa kupimwa. Kijana alifika asubuhi, wakaamkiana kwa mwangaluka, akapiga vipande viwili. Kesho yake pamba ilichukuliwa, na mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo akasafiri kutafuta kazi Mwanza. Picha ile haikuwa na marudio.

Usiku ule alizisafisha kwa uangalifu wote. Dawa ya kwanza hutaka joto la nyuzi 38 hivi na muda wa dakika tatu na robo. Joto likiyumba, rangi nazo huyumba. Dawa aliipasha ndani ya beseni la maji ya moto, akahesabu kila sekunde. Filamu zilipokauka akaona balaa. Utando mpana ulikuwa umekata vipande vyote viwili. Kwenye negativu ulikuwa weusi, na ulipogeuzwa kuwa picha ukawa weupe kama moshi, ukapita juu ya uso wa mama wa nyumba.

Alimwendea mzee akamweleza kwamba vumbi la huku ni kali na maji ya visima yana madini mengi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mchagua jembe si mkulima, mwanangu."

Kijana alirudi kwake na neno hilo, akaanza kuzisoma filamu zake upya. Msomaji wa mashairi akikuta mshororo unaochechemea hailaumu karatasi. Hurudi akahesabu mizani, silabi kwa silabi, mpaka aione iliyopungua. Ndivyo alivyofanya.

Alianza na vumbi. Chembe iliyoikalia filamu kabla ya kupigwa picha huzuia mwanga, ikaacha kitone cheusi kwenye picha. Iliyotua baada ya filamu kukauka huacha kitone cheupe. Vitone vya aina zote mbili alivipata, lakini vumbi huacha vitone na nyuzi, haliachi utando. Akayageukia maji. Alinunua maji ya betri, akaziosha filamu tena. Madoa ya chokaa yakatoka, utando ukabaki. Akarudia dawa ya pili, ile inayoondoa fedha iliyobaki ndani ya filamu, maana kosa la dawa hiyo husameheka hata baada ya siku nyingi, ilhali kosa la dawa ya kwanza halisameheki kamwe. Rangi zikachangamka kidogo. Utando ukabaki vilevile. Akaingiza tochi ndani ya mvukuto wa kamera gizani, akatafuta tundu; hakuliona.

Hatimaye aliangalia kingo. Kipande cha filamu kinapokuwa ndani ya kasha lake, kingo zake hukaa chini ya vijia vyembamba vinavyokishika. Mwanga ukivuja ndani ya kamera hauzifikii kingo hizo, nazo hubaki na rangi ya chungwa tupu. Ukivuja wakati filamu iko nje ya kasha, hufika mpaka pembeni kabisa. Utando wa filamu zile ulifika mpaka pembeni. Basi kosa halikutokea shambani wala ndani ya kamera. Lilitokea chumbani kwake, mikononi mwake.

Ndipo alipokumbuka. Giza la chumba kile alilipima usiku wa kwanza alipohamia, na usiku huo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Alikaa, akaangaza macho, asione hata ufa, akaridhika. Usiku wa kusafisha filamu za mzee umeme ulikuwapo, na taa ya baraza ya jirani ilipenya chini ya mlango alipokuwa ameinama mezani akiitazama dawa kwa moyo wake wote. Watu wa pwani husema nguo ya kuazima haisitiri. Giza alilolitegemea lilikuwa la mtaa. Chumba chake hakikuwahi kuwa nalo.

Alirudi kwa mzee na picha mkononi, akamwambia kosa lilikuwa lake. Mzee aliitazama kwa muda. Mtoto aliyesafiri alionekana vizuri, na chungu ya pamba pia. Mama alikuwa nyuma ya moshi. Akamwita mkewe aje ajione, kisha akaitundika ukutani ilivyo.

Siku hizi kijana haanzi kazi umeme ukiwa umekatika. Huziba sehemu ya chini ya mlango kwa blanketi, humwomba jirani awashe taa ya baraza, kisha hukaa kimya dakika kumi akiutazama mlango, kabla hajafungua kasha la kwanza.