Taa Inapokonyeza: Kiswahili na Vifaa vya Nyumba Janja

Mijadala kuhusu istilahi si migeni kwetu sisi tunaosomea Kiswahili. Tumewahi kukesha tukibishana kama chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kila kambi ikaondoka na neno lake. Hivi sasa zamu imefikia vifaa vya nyumbani vinavyoamrishwa kwa sauti au kwa simu. Wengi huviita vifaa janja, kwa kufuata simu janja. Wapo wapendeleao "erevu", wakihoji kwamba ujanja una harufu ya hila. Mimi, baada ya mwaka mzima wa kuvihudumia vifaa hivyo kwa njia ya simu, nikiwa Nairobi navyo vikiwa Mombasa, nasimama na "janja".

Mwenye vifaa ni shangazi yangu, mkazi wa Mji wa Kale. Tangu alipopatwa na kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia umelegea, na safari ya kutoka kitandani hadi kwenye swichi, ambayo kwangu ni hatua nne, kwake ni jambo la kuhatarisha nyonga. Mwanawe afanyaye kazi Muscat akamletea balbu nne na spika moja ya kupokea amri kwa sauti. Nia ilikuwa njema. Ila spika yenyewe haikuwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na shangazi, mwenye Kimvita cha ndani kabisa, hana Kiingereza cha kuagizia hata maji.

Ujanja wa kwanza wa balbu hizi umo katika swichi. Balbu husikiliza amri muda wote, hivyo huhitaji umeme hata inapokuwa haiwaki. Msichana anayemsaidia shangazi amelelewa, kama sisi sote, kuzima swichi ya ukutani kila atokapo chumbani. Akiizima, mawasiliano hukatika, na spika hutangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa hakipatikani. Simu nyingi nilizopigiwa zilimalizikia hapo, kwa kipande cha selotepu juu ya swichi.

Pili kuna masafa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, ilhali balbu nyingi za aina hii huyafahamu ya 2.4 peke yake. Simu ikiwa imeshika yale ya 5 wakati wa kuunganisha, huenda viwili hivyo visionane kabisa. Na ni heri balbu zitumie hayo ya 2.4, kwani hupenya kuta vizuri zaidi, nazo kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale si za kuchezea.

Hata hivyo, mtihani mkubwa ni umeme. Sizungumzii giza kama lile lililoifunika nchi usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Giza la namna hiyo lina adabu yake, kwani huja na kukaa. Linaloudhi ni umeme unaorudi na kutoweka mara tatu nne kwa dakika moja. Balbu nyingi zimeundwa hivi kwamba zikizimwa na kuwashwa upesi mara kadhaa mfululizo, huchukulia kuwa mwenyewe anataka kuzianza upya, basi husahau kila zilichofunzwa. Balbu haiwezi kupambanua kidole cha mtu na hitilafu ya transfoma.

Usiku mmoja wa aina hiyo shangazi alinipigia. Msichana alikuwa amekwenda kwao.

"Taa yanikonyeza, mwanangu."

"Yakukonyeza vipi, shangazi? Upesi au polepole?"

"Upesi, kama mwenye jambo."

Kamusi zetu zina kumweka, kumetameta, kupepesa na kukonyeza, na kila kitenzi kina mwendo wake. Lau angeniambia tu kwamba taa imeharibika, nisingejua lolote. Kwa kukonyeza upesi nilijua balbu imesahau na inasubiri kuunganishwa upya, kazi inayohitaji simu janja, naye hana. Na alihitaji kwenda msalani. Tulibaki kwenye simu, yeye akiuegemea ukuta, akipiga hatua kwa ule ule mkonyezo wa taa, nami nikihesabu naye hadi aliposhika kitasa cha mlango.

Mwezi uliofuata nilishuka Mombasa. Njia ya msalani nikaiwekea balbu ya kawaida yenye betri ndani, isiyomtii mtu ila swichi yake, nayo huwaka yenyewe umeme ukatikapo. Ruta nikaipatia betri ndogo ya kuiendesha kwa saa chache. Giza likizidi hapo, hakuna budi kungoja. Kuhusu lugha, programu humruhusu mtumiaji kutunga amri yake mwenyewe. "Washa taa" spika iliisikia kila siku kivyake. Tukajaribu maneno mengine hadi tukafikia "Lulu", linalosikika karibu sawa katika lugha zote mbili. Majirani waliuliza Lulu ni nani.

Sikuridhika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Haki ya kuandika, basi, ilikwisha kupata watetezi. Haki ya kusikilizwa shangazi hajaipata hata chumbani mwake. Na siku spika hiyo itakapofunzwa Kiswahili, je, itaielewa "yanikonyeza", au itangoja mpaka aseme "inanikonyeza"?

Kabla ya kurudi Nairobi nilibandika maagizo kando ya ruta. Moja lilisema: "Umeme ukirudi, subiri ruta ipate muunganisho." Shangazi aliposomewa, alimwagiza msichana achukue kalamu. Karatasi iliyopo ukutani leo yasema: "Umeme ukirudi, ngoja kisanduku kiwe na taa tatu, ndipo umwite Lulu."