Jina la Nyumbani na Jina la Cheti

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi umeulizwa jina la mtoto wako ukajibu haraka bila kufikiri? "Anaitwa Tusa." "Huyu ni Beti." "Sisi twamwita Baba Mdogo tu." Nyumbani jibu hilo latosha kabisa. Lakini sisi tunaoshika kalamu katika chumba cha kliniki hapa Ruanda, wilayani Mbozi, tunajua kwamba jibu la namna hiyo likishaandikwa laweza kumfuata mtoto mpaka uzeeni.

Zamani haikuwa hivyo. Wengi wa rika letu tulikua bila cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyetuuliza. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara watu wenye cheti hicho hawakufika 15 katika kila 100. Jina lilikaa midomoni mwa watu, na bibi ndiye aliyekuwa daftari. Kisha mwaka 2013 mpango wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano ulianza katika Mkoa wa Mbeya, nasi tulikuwa bado ndani yake, maana Songwe ulikuja kuwa mkoa mwaka 2016. Kazi ya kuandikisha ikasogezwa mpaka vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Cheti hutolewa bila malipo, nacho huandikwa kwa mkono, papo hapo. Ni jambo jema sana. Ila mwandishi huandika anachoambiwa, na mama aliyejifungua jana, amechoka, mtoto analia, husema lile jina lililo karibu na ulimi.

Je, kuna ubaya gani? Hebu tuyaangalie majina yenyewe. Wenyeji wetu wengi hapa ni Wanyiha, lakini Wanyakyusa nao wamehamia kwa wingi kutoka Rungwe kutafuta ardhi, na majina yao tumeyazoea sote. Majina hayo mengi ni sentensi nzima. Atuganile maana yake "ametupenda". Atupele ni "ametupa". Tusajigwe ni "tumebarikiwa". Tulinagwe ni "tuko naye". Sasa mkate Atuganile umwite Atu. Umesema nini? Umesema "ametu", ukanyamaza. Ametufanya nini? Ametupenda, ametupa, au ametuacha? Atupele naye akikatwa huwa Atu, hata darasani mwalimu akiita Atu wanasimama watoto wawili wenye majina mawili tofauti. Kwa kumwita mtoto aje ale ugali, Atu ni jina tamu, nasi wenyewe twalitumia. Kwa cheti, ni sentensi iliyokatwa kabla ya kitendo.

Wala hatusemi kwamba jina fupi ni baya kwa kuwa ni fupi. Bupe lina herufi nne tu, na maana yake ni "zawadi", limekamilika. Neema ni hivyo hivyo. Kama mama anataka jina jepesi ambalo karani wa Dar es Salaam hatalikosea, majina mafupi yaliyo mazima yapo, na achague hilo tangu mwanzo. Tunalopinga ni kipande cha jina kuandikwa mahali pa jina.

Tena kuna majina ya nyumbani yasiyo vipande, na hayo yana uzito kuliko lile la ubatizo. Mtoto amepewa jina la babu yake, ukoo mzima wamwita hivyo, lakini kwenye fomu mama anaandika jina la kigeni alilolisikia redioni, na lile la babu haliandikwi popote. Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, aliitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Hakulitupa la nyumbani. Aliyabeba yote mawili, na leo hakuna anayeona ajabu kuandika Julius Kambarage.

Wako watakaotuambia kwamba Rais wa Marekani, James Earl Carter, aliapishwa mwaka 1977 kwa jina la Jimmy, na hakudhurika. Ni kweli. Lakini mtu akishakuwa Rais, karani gani atamrudisha nyumbani akalete kiapo? Binti zetu hawana bahati hiyo.

Tunaye binti mmoja katika kwaya ya vijana. Kadi yake ya kliniki iliandikwa Beti. Kanisani alibatizwa Elisabeti, kama Biblia ya Kiswahili inavyoandika. Shuleni mwalimu aliona ni vizuri zaidi Elizabeth, na kwa jina hilo akafanya mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa kilitafutwa baadaye kabisa, nacho kikafuata kadi ya kliniki. Alipofaulu kwenda chuo kikuu akataka kuomba mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina lilingane na vyeti vya shule. Beti na Elizabeth hawakulingana. Baba yake alikwenda kwa wakili kuapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja, mama akauza magunia mawili ya mahindi kwa nauli na gharama, na siku za maombi zilikuwa zinakwisha. Alipata mkopo, Mungu ni mwema, lakini tuliona jinsi mama huyo alivyokonda mwezi ule. Na jina lenyewe hakuna aliyelitilia shaka. Kijiji kizima kilijua Beti ni nani.

Upande wa Tunduma na Momba jambo hili lina sura nyingine. Kwa Wanyamwanga jina la ukoo hubadilika kati ya mwanaume na mwanamke: kaka ni Simukonda, dada ni Namukonda. Kwao hilo si jina la utani hata kidogo, ndivyo lugha ilivyo. Lakini mgeni anayesoma karatasi huona koo mbili, hata akauliza kama kweli mtoto ni wa baba huyu. Wengine wameamua binti aandikwe Simukonda kama baba yake, na nyumbani abaki Namukonda. Wengine wamekataa. Hapa hatutoi amri; tunawashauri tu wazazi waamue pamoja kabla ya kufika mezani, na watakaloamua lifanane katika karatasi zote, maana ndugu wa koo hizo wako pia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na hati za safari zitahitajika.

Tusisahau na majina yetu sisi akina mama. Tukiuliza jina la mama mzazi, shangazi aliyemsindikiza hujibu, "Mama Beti." Mama Beti ni nani? Cheti kina nafasi ya jina lako, dada. Lisemwe lote.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, walikuja kwetu mume na mke pamoja na mama mkwe, na mtoto wa kike wa miezi miwili. Baba alitaka aandikwe Atuganile, jina la mama yake huyo aliyekaa kwenye benchi. Mke alitaka Atu.

"Manesi," alisema, "mimi naitwa Tusajigwe. Nilipokwenda kufanya kazi mjini walinicheka, wakaliandika kila mtu kwa namna yake. Sitaki mwanangu ayapate hayo."

Maneno yake yalituingia. Hakuwa anamdharau mkwewe. Alikuwa anamkinga mtoto. Mmoja wetu akamwuliza, "Waliokucheka, walijua maana yake?" Akasema hakuna aliyeuliza, wala yeye hakuwaambia. Bibi alikuwa kimya. Mwishowe akasema, "Mwanangu, nyumbani mwite Atu. Mimi mwenyewe mama yangu aliniita Atu mpaka alipofariki. Lakini karatasini hakuniandika mtu, ndiyo maana nataka huyu aandikwe."

Tuliwaambia hakuna haraka ya dakika ile, wakazungumze nyumbani. Siku ya kliniki iliyofuata walirudi. Baba alikuwa na karatasi ya daftari, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, tukacheka tukimkumbuka Zakaria na kibao chake. Chini yake kulikuwa na jina la mama, Tusajigwe, kwa mwandiko wa mama mwenyewe. Tulinakili herufi kwa herufi, tukawasomea mara mbili kabla ya kuweka muhuri. Kisha bibi akaiomba ile kadi ya kliniki, ambayo siku ya kwanza tuliandika Atu kama tulivyoambiwa, akatuuliza kama nayo yaweza kurekebishwa. Tukamwandikia mpya, tukahamisha tarehe zote za chanjo na uzito, na mtoto akapimwa: kilo tano na nusu.