Niliwakalisha Wote Upande Mmoja

Mimi ni msanifu majengo. Bwawa la kuogea nililolichora kwenye chemchemi moja ya maji moto kusini-magharibi mwa Tanzania, chini ya milima ya volkano ya Rungwe, limewatenganisha watu waliokuwa wakioga pamoja tangu zamani. Kijiji sikitaji, maana wenyeji hawana kosa. Kosa lilianzia kwenye michoro yangu. Si la fundi wala la mfadhili.

Nilipofika mara ya kwanza, maji yalikuwa yakitoka mwambani yakiunguza, kisha yanateremka kwenye ngazi za vibeseni vya chokaa vilivyojijenga vyenyewe. Kila yaliposhuka ngazi moja, yalipoa kidogo. Alfajiri ilikuwa zamu ya wanaume, jioni zamu ya wanawake, nami nilioga nao. Mabibi wenye magoti mabovu walikaa juu kwenye joto kali, akina mama waliotoka shambani wakawa katikati, watoto chini kabisa kwenye maji ya vuguvugu, na mbele yao wafua nguo. Bibi aliye juu alimkaripia mjukuu aliye chini bila hata kuinuka. Habari za msiba, bei ya mpunga, binti fulani anaposwa: yote yalipita hapo, yakipanda na kushuka pamoja na mvuke. Niliyapiga picha hayo, nikayaandika kwenye daftari chini ya kichwa cha “hali ya sasa”, maana yake ni hali ya kubadilishwa.

Kichwani nilikuwa na jengo moja tu: mabafu ya Vals, Uswisi, aliyoyachora Peter Zumthor na kufunguliwa mwaka 1996. Yamejengwa kwa mawe ya bonde lilelile, yamezama nusu ndani ya mteremko, na paa lake limeoteshwa majani. Ni kazi ninayoipenda hadi leo. Lakini nilichukua sura yake nikaacha inavyofanya kazi. Kule Vals maji si ya aina moja: kuna bwawa la nyuzijoto 42, kuna la 14, na mtu hutoka hili akaingia lile. Mimi nilichukua mawe, ukimya na mandhari. Nikachora bwawa refu lenye benchi moja upande wa mlimani, kila anayekaa anatazama bonde, na maji nikayachanganya yawe nyuzijoto 38 mwanzo hadi mwisho. Kwa mabibi hayo yalikuwa ya baridi. Kwa watoto yalikuwa moto kiasi kwamba hawakukaa.

Bibi mmoja aliniambia mapema kabisa, baada ya kuitikia shikamoo yangu: “Mwanangu, maji mazuri. Ila umetukalisha kama abiria kituoni, wote tunatazama barabara. Nikitaka kusema na mwenzangu mpaka nipinde shingo, na shingo yenyewe ndiyo iliyonileta hapa.”

Sikumsikiliza. Kwenye ripoti niliandika kwamba watumiaji wanahitaji muda wa kuzoea. Sentensi hiyo inaniuma kuliko zege lote nililomwaga pale, kwa sababu zege nilikosea kwa kutojua kulitumia, lakini sentensi niliiandika baada ya kuambiwa.

Na si kwamba sikuwa na mifano. Pale Reykholt, Iceland, lipo Snorralaug, bwawa linalohusishwa na mwandishi Snorri Sturluson aliyeuawa mwaka 1241. Ni duara la mawe lenye kipenyo cha mita 4 hivi. Wanaokaa ukingoni wanatazamana na kusikizana bila kupaza sauti. Kwenye mabwawa ya umma ya Reykjavík, mabeseni madogo ya joto tofauti hupangwa jirani, aliyezidiwa na joto akahamia la pili. Katika mabafu ya Széchenyi mjini Budapest, yaliyofunguliwa mwaka 1913, wazee hucheza sataranji wakiwa majini hadi kifuani. Nilivijua vyote hivyo kabla sijashika kalamu. Mtu aliye majini hana simu mkononi wala kazi ya kujifichia. Kilichobaki mbele yake ni uso wa mwenzake. Mimi nikauondoa uso huo nikaweka bonde, ambalo wale wanawake hulitazama kila siku wakilima.

Baadaye wakachimba shimo lao kwa majembe, chini ya bomba linalotoa maji ya ziada, wakalizungushia mawe. Mtendaji wa kijiji akanipigia simu: nithibitishe kwamba ni hatari, alifukie. Nilikwenda, nikaomba nafasi, nikakaa. Halikuwa na upana wa mita 3. Magoti yetu yaligusana, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza nimefuata nini, kwa kuwa walikuwa katikati ya mazungumzo. Sikuthibitisha.

Nimechora upya, bila malipo. Benchi refu litavunjwa, bwawa ligawanywe mabeseni matatu ya mviringo yenye joto tofauti, kuta kati yake zisivuke mabega ya mtu aliyekaa majini ili sauti ipite. Vipimo wamevipanga akina mama wenyewe, kwa kukaa chini kwenye duara la kamba ardhini na kuivuta au kuilegeza hadi waseme basi.

Vile vibeseni vya chokaa, hata hivyo, nilivivunja ili bomba kuu lipite. Maji ya aina ile hupoteza gesi yakitoka ardhini, na chokaa iliyoyeyuka ndani yake hugandia popote yanapopita. Ndivyo zile ngazi zilivyojengeka, na ndivyo bomba langu linavyoziba, mpaka fundi alifungue na kulikwangua kwa patasi. Nimeomba tuling'oe, maji yapite tena juu ya mwamba. Kamati ya kijiji imekubali. Ngazi zile sitaziona zikirudi, wala wale mabibi. Gharama ya kung'oa bomba haimo kwenye bajeti ya mfadhili, na nimewaambia nitailipa mimi.