Meza Yetu Dirishani

Kwa miaka 18 tulivuka feri ya Likoni kila siku ya Mungu kwenda kusomesha, na kila jioni tukarudi na vumbi la ng'ambo kwenye kanzu. Zilipofungwa madrasa mwezi wa Machi 2020, kazi yetu ilihamia nyumbani, hapa Mji wa Kale. Milango ikafunguliwa tena baada ya miezi, lakini sehemu kubwa ya kazi ile haikurudi ilikotoka. Asubuhi tunaandika: hutuba, majibu ya masuala, na haya mnayoyasoma kila wiki. Alasiri tunawasomesha kwa kompyuta watoto wa jamaa zetu walioko Muscat na Riyadh. Baada ya Isha huingia watoto wa Uingereza, ambao kwao ndiyo kwanza wametoka shule na bado wana njaa.

Tuanze kwa kushukuru, kwani neema za kazi hii si haba. Hatusukumani tena kwenye foleni ya feri. Rakaa mbili za Dhuha tunaziswali kwa utulivu, bila ya kutupia saa jicho. Mahamri tunayala yakiwa ya moto, yananukia iliki, na mbaazi hazijapoa. Baada ya Adhuhuri tunapata kailula yetu, usingizi mfupi ambao mtu aliyeko ng'ambo hawezi kuuota. Na tukiri jambo moja ambalo walimu wengi wa aina yetu hulificha: mbele ya kamera tumevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia, lakini kanzu ile imekatwa kiunoni ikawa shati, na chini ya meza ni kikoi. Siku moja paka alirukia meza, nasi tukasimama ghafla kukiokoa kikombe cha kahawa. Watoto tisa wakakiona kikoi chekundu. Mmoja wa Muscat akatuuliza, kwa adabu zake zote, kama maalim anakwenda kuogelea.

Maudhi nayo yapo. Stima hupotea katikati ya sura. Mwanafunzi anavuta madd ya harakati sita, sauti inakatika kwenye ya nne, na hatujui kama upungufu ni wa pumzi zake au wa mtandao. Basi tunamwambia arudie, naye huona anaonewa. Muuza samaki hupita wakati ule ule wa darasa, na kijana wa mkokoteni wa maji hugonganisha madumu chini ya dirisha kana kwamba ametumwa. Wakati mwingine tunawakumbuka wanazuoni waliotutangulia katika mji huu, kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyeanzisha gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na tunajiuliza kama wao nao waliandika huku muuza samaki akiwaita.

Lakini lililotuudhi kuliko yote ni neno fupi: "uko tu". Jirani anabisha hodi: "Maalim, kwa kuwa uko tu, nipokelee mtungi wa gesi." Mwingine analeta mtoto: "Nitarudi sasa hivi, wewe si uko tu?" Watu wawili waliokosana juu ya ukuta wa pamoja wanakuja saa nne asubuhi, kwa sababu sheikh yuko tu. Tulikuwa tukijieleza kwa kila mmoja kwamba hatuko tu, tuko kazini. Tulilisema neno hilo mara nyingi hata likawa jepesi ulimini. Na hapo ndipo tulipoteleza.

Wanaozijua nyumba za Mji wa Kale wanajua kwamba kuta zake ni nene na vichochoro ni vyembamba, na mwanga wa jua huingia kwa kuhesabiwa. Ukumbi wetu una dirisha moja zuri. Tulipohamishia kazi nyumbani, tuliweka meza yetu pale pale, wala hatukumuuliza mtu. Tuliona ni jambo la kawaida: kazi imekuja, kazi ipewe nafasi.

Mahali pale palikuwa na kazi tayari. Mama watoto hushona kofia za viua tangu hatujamuoa. Mchana, akishamaliza jiko la asubuhi, hutandika mkeka chini ya dirisha lile, na wanawake watatu wa mtaani huja na vitambaa vyao na sindano zao. Kofia moja huchukua wiki nyingi. Kila kiua hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, na kiua kimoja kikienda upande, mnunuzi wa kofia hukiona kabla ya vyote vingine. Ada ya mwana wetu wa pili ilitoka kwenye kofia hizo kwa miaka miwili kamili. Hilo tulikuwa tukilijua. Tulilijua kama mtu ajuavyo kwamba nyumba yake ina msingi.

Meza ilipokaa dirishani, wao wakasogeza mkeka kando. Hawakusema kitu. Alasiri moja mtoto wa Riyadh alikuwa akisoma vizuri sana, na wanawake wakacheka kwa jambo lao. Tukageuka tukasema, "Jamani, hapa ni kazini." Hatukupaza sauti. Wakakusanya nyuzi zao wakaondoka, na siku ya pili hawakuja.

Mwenyezi Mungu atusamehe, tulifurahi. Nyumba ilikuwa kimya, nasi tukaandika kwa raha. Katika kimya kile ndimo tulimoandika makala marefu juu ya kutendeana wema baina ya mume na mke, na baadhi ya wasomaji walituletea salamu za kuyasifu.

Miezi miwili baadaye kijana mmoja alibisha hodi. Harusi yake ilikuwa imebakiza siku nne, na amekuja kuchukua kofia yake. Haikuwa tayari. Mama watoto alimuomba radhi mlangoni, yeye ambaye hatukumbuki kuwa amewahi kumchelewesha mtu. Kijana alipoondoka tukamuuliza imekuwaje.

"Jikoni kuna giza, Maalim," akasema. "Viua vinataka mwanga."

Hakuongeza neno, akarudi jikoni. Tukamfuata. Kiti chake kilikuwa chini ya taa, baina ya jiko na ndoo ya maji, na kofia ya kijana ilikuwa imefunikwa kwa leso isishike moshi.

Tumesomesha mara nyingi habari za Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh, Allah amridhie, kwamba alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kujiuliza alikuwa akikaa wapi alipokuwa akishona.

Meza tumeihamishia kwenye stoo ya juu, chini ya mabati. Joto lake saa tisa ni la kuoka mkate, na kanzu yetu ile fupi hulowa kabla ya darasa la kwanza kwisha. Lakini kompyuta ina mwanga wake, na viua havina. Kofia ya harusi ilimalizika usiku wa kuamkia akidi, kwa msaada wa binti yetu, na mama watoto mpaka leo haridhiki na safu yake ya mwisho.

Wanawake wawili wamerudi. Tunawasikia kutoka juu, na watoto wa Muscat nao huwasikia. Wa tatu, bibi mtu mzima aliyemfundisha mama watoto kushika sindano, bado hajarudi. Huwa anamtuma mjukuu wake kuchukua uzi. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, tulikwenda kwake tukamtaka radhi.

"Si neno, mwanangu," akatuambia. "Ni magoti tu, ngazi zenu zinanishinda."

Nyumba yetu ukumbi wake uko chini, hauna ngazi. Tulikunywa kahawa aliyotutilia, tukaaga. Ijumaa hii, inshallah, tutakwenda tena.